Sumu ya vita na sumu ya dukani: Dalili ni zile zile

Na Daktari Wetu

Asubuhi ya Jumatatu, Machi 20, 1995, mwendo wa saa mbili, abiria waliosongamana katika treni tano za chini ya ardhi jijini Tokyo, Japani, walianza kukohoa, kutokwa na kamasi na kulalamika kwamba taa zimefifia. Taa zilikuwa sawa. Ni mboni za macho yao zilizokuwa zimesinyaa hadi zikawa ndogo kama kichwa cha pini, kiasi kwamba hata walipotoka nje mchana kweupe waliona kama jioni imeingia.

Wafuasi wa kundi la kidini liitwalo Aum Shinrikyo walikuwa wamepanda treni hizo wakiwa na mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa magazeti. Ndani yake mlikuwa na sumu iitwayo sarini. Waliitoboa mifuko hiyo kwa ncha za miavuli, wakashuka na kwenda zao. Watu 13 walikufa kutokana na kitendo hicho, na wa 14 alifariki mwaka wa 2020 baada ya kulala kitandani miaka 25. Zaidi ya watu 5,000 walikwenda hospitalini.

Kuna sehemu ya kisa hiki ambayo haisimuliwi sana, nayo ndiyo inayotuhusu zaidi. Hospitali ya St. Luke's, iliyokuwa karibu na vituo hivyo, ilipokea wagonjwa 640 siku hiyo. Wengi walifika kwa miguu, kwa teksi na kwa magari ya wasamaria wema. Hakuna aliyewavua nguo wala kuwaosha mlangoni. Walilazwa kila palipokuwa na nafasi, hata katika kanisa dogo la hospitali, ambamo hewa haikuwa ikipita vizuri. Sumu iliyokuwa imeshika kwenye makoti na sweta zao iliendelea kufuka, na muda si muda madaktari na wauguzi wakaanza kuumwa na macho na kubanwa na kifua. Baadaye wafanyakazi wa hospitali hiyo walipoulizwa, asilimia 23 kati ya waliojibu walisema walipata dalili. Kati ya wahudumu 1,364 wa huduma za dharura waliofanya kazi siku hiyo, 135 nao waliathirika.

Kwa maneno mengine, mgonjwa aliyefikishwa hospitalini akiwa na nguo zake alikuwa bado anavuta sumu, na aliyemsaidia akaivuta pia.

KWA NINI HILI LIKUHUSU

Huenda msomaji akauliza: Tokyo ni mbali, mimi niko Buruburu, Likoni au Nakuru, yanihusu nini?

Yanakuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua. Tangu Agosti 7, 1998, bomu lilipoua zaidi ya watu 200 jijini Nairobi, hakuna anayeweza kusema kwamba ugaidi ni jambo la nchi za watu. Siku ile pia majeruhi walibebwa kwa matatu, pikapu na magari ya kibinafsi. Kama kungekuwa na sumu, wangeifikisha katika kila hospitali ya jiji.

Sababu ya pili ni ya kila siku. Sarini ni ndugu wa dawa nyingi za kuua wadudu. Mnamo 1936 mwanakemia Mjerumani Gerhard Schrader alikuwa akitafuta dawa mpya za kuua wadudu alipokumbana na kemikali kali mno iliyoitwa tabuni. Mwaka wa 1938 yeye na wenzake wakapata sarini. Zote mbili zilichukuliwa na jeshi. Ndugu zao wasio wakali kiasi hicho, wa jamii iitwayo oganofosfeti, waliingia mashambani, na hadi leo wamo katika baadhi ya dawa za kunyunyizia mboga na kahawa, dawa za kuoshea mifugo, na dawa za kunguni na mende. Jamii nyingine iitwayo kabameti hufanya kazi kwa njia inayofanana.

Daktari yeyote aliyewahi kufanya kazi katika hospitali iliyo karibu na mashamba amewaona wagonjwa wa sumu hii. Hawahitaji kutoka vitani. Mmoja amenyunyiza dawa adhuhuri bila kufunika pua. Mwingine ni mtoto aliyekunywa kilichokuwa ndani ya chupa ya soda jikoni. Mwingine ni kijana aliyekata tamaa ya maisha. Dalili zao ni zile zile walizopata abiria wa Tokyo, na anayejua kuwahudumia hawa anajua mambo mengi ya kuwahudumia wale.

SUMU HII INAFANYAJE KAZI?

Ubongo huwasiliana na misuli pamoja na tezi za mwili kupitia mishipa ya fahamu. Mwishoni mwa kila mshipa hutolewa kemikali inayopeleka ujumbe: kaza msuli, toa mate, punguza mboni. Ujumbe ukishafika, kemikali nyingine huifuta ile ya kwanza ili msuli upumzike. Sumu hii humkamata yule mfutaji. Hivyo ujumbe haukomi. Tezi humwaga maji bila kusita, misuli huchezacheza mpaka ichoke, na msuli ukichoka kabisa hulegea. Misuli ya kupumua nayo huchoka. Wengi wanaokufa hufa kwa kukosa pumzi, huku mapafu yamejaa ute.

DALILI ZA KUANGALIA

Ukiona mtu ana kadhaa kati ya dalili zifuatazo kwa pamoja, shuku sumu:

* Mboni za macho kuwa ndogo sana, macho kuuma na kuona ukungu.
* Kamasi, machozi, mate na jasho kutoka kwa wingi kupita kiasi.
* Kifua kubana, kukohoa na kupumua kwa mlio.
* Tumbo kusokota, kutapika, kuhara, kujikojolea.
* Misuli kuchezacheza chini ya ngozi, kisha mwili kulegea.
* Kuchanganyikiwa, degedege na kupoteza fahamu.

Mwendo wa dalili hutegemea njia ambayo sumu imeingilia. Mvuke huanza na macho, pua na kifua, mara nyingi katika muda wa dakika chache tu. Iliyomezwa huanza na tumbo. Iliyomwagika kwenye ngozi inaweza kuchelewa kwa saa nyingi, na mtu akadhani ameponea. Ndiyo maana mkulima hunyunyiza dawa asubuhi, akala chakula cha mchana vizuri, kisha jioni akaanza kutetemeka.

Dalili nyingine haimo mwilini mwa mgonjwa mmoja bali katika umati. Mtu mmoja akianguka sokoni, yaweza kuwa ni moyo au kifafa. Watu kumi wakianguka mahali pamoja kwa wakati mmoja bila mlipuko wala ajali, au ukiona ndege, kuku na mbwa nao wameanguka, usiende kuangalia. Ondoka.

Hapa Tokyo inatupa funzo jingine. Habari za kwanza kutoka kwa kikosi cha zimamoto zilitaja kemikali tofauti kabisa. Lakini daktari mmoja wa mji wa Matsumoto, mahali ambapo kundi hilo hilo lilikuwa limetumia sarini Juni 1994 na kuua watu, aliona picha katika televisheni, akapiga simu Tokyo na kuwaambia wenzake wafikirie sarini. Alizitambua dalili kabla ya majibu ya maabara kutangazwa.

HUDUMA YA KWANZA: ONDOKA, VUA, OSHA

Kabla ya ambulensi kufika, mambo matatu huokoa maisha kuliko mengine yote.

Kwanza, ondoka. Ikiwa sumu imetolewa ndani ya jengo au gari, toka nje na uende mbali, kule upepo unakotoka. Usikimbilie chini ya daraja, ndani ya mtaro au kwenye ghala la chini ya jengo. Mvuke wa sumu nyingi za kivita ni mzito kuliko hewa na hutuama mabondeni. Mjini Halabja, Iraki, Machi 16, 1988, ndege za serikali ya Saddam Hussein zilipomwaga sumu na kuua maelfu ya watu, waliokuwa wamejificha katika vyumba vya chini ya nyumba kwa kuogopa mabomu walikutwa na gesi huko huko chini. Ikiwa sumu iko nje nawe umo ndani, funga milango na madirisha, zima feni, panda ghorofa ya juu, na usikilize redio.

Pili, vua. Nguo hubeba sehemu kubwa ya sumu. Vua zote hadi za ndani, pamoja na viatu, mshipi, saa na hijabu au kilemba. Vazi la kuvutwa juu ya kichwa likatwe kwa makasi ili lisipite usoni. Hii si saa ya kuona haya. Majirani wanaweza kushika shuka na kuwasitiri wagonjwa, wanawake upande mmoja na wanaume upande wa pili. Nguo zitiwe katika ndoo yenye kifuniko na kuachwa nje. Asiruhusiwe mtu kuzibeba kwenda kufulia nyumbani.

Tatu, osha. Ngozi ioshwe kwa maji mengi na sabuni ya kawaida, kuanzia kichwani kuteremka, bila kusahau nywele, kwapa, kucha na mikunjo ya ngozi. Usisugue kwa nguvu, maana ngozi iliyochubuka hupitisha sumu zaidi. Macho yaoshwe kwa maji matupu kwa muda wa dakika 10 hadi 15. Mwenye lenzi za macho azitoe. Na pale ambapo mfereji umekauka, jambo tusilokosa mitaani mwetu? Bonyeza karatasi ya chooni au kitambaa kikavu juu ya majimaji yaliyo kwenye ngozi ili yanyonywe, tupa, chukua nyingine, kisha tumia hata lita chache za mtungi. Kilicho muhimu ni kuanza mapema.

Anayesaidia ajilinde kwanza. Vaa glavu za mpira za jikoni. Ukizikosa, funika mikono kwa plastiki. Mlaze mgonjwa ubavu ili matapishi na mate yatoke nje. Piga simu 999 au 112 na useme wazi: "Nashuku sumu." Neno hilo litawafanya wanaokuja wajitayarishe.

MAMBO YASIYOFAA

Usimpe maziwa. Imani ya kwamba maziwa huua sumu imeenea kutoka Busia hadi Lamu, lakini maziwa hayaondoi sumu hii. Mgonjwa aliyelegea huyavuta mapafuni na kukabwa. Vivyo hivyo mafuta ya kupikia, mayai mabichi na maji ya chumvi.

Usimtapishe kwa kumtia kidole kooni. Kama sumu imechanganywa na mafuta ya taa, kama zilivyo dawa nyingi za maji, yakipanda na kuingia mapafuni yataleta nimonia mbaya.

Usimpulizie pumzi mdomo kwa mdomo kama amemeza au amevuta sumu. Mate na pumzi yake vinaweza kukudhuru.

Usimwache peke yake kwa sababu ametulia. Utulivu baada ya mtetemeko huenda ukawa ni misuli inayochoka.

HOSPITALINI

Dawa kuu ni atropini, ambayo si ngeni wala si ya ghali. Huzuia ule ujumbe usiokoma, hukausha ute mapafuni na kufungua kifua. Hutolewa kwa kurudiwarudiwa mpaka kifua kikauke, na mgonjwa mahututi huenda akahitaji nyingi kuliko ilivyo kawaida. Dawa ya pili, pralidoksimu, humng'oa mfutaji kutoka mikononi mwa sumu, lakini inafaa itolewe mapema kabla sumu haijamshika moja kwa moja. Degedege hutulizwa kwa diazepamu. Wanaoshindwa kupumua huwekewa mashine.

Chukua chupa au pakiti ya dawa iliyohusika, ikiwa imefungwa vizuri, au piga picha ya kibandiko chake. Na umweleze daktari ukweli. Familia nyingi zilizoea kusema mgonjwa alikunywa "kwa bahati mbaya" kwa kuogopa polisi, kwa kuwa kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Daktari anataka kujua ni sumu gani, kiasi gani na saa ngapi. Hataki kumpeleka mgonjwa kortini.

Tena, usiharakishe kumtoa mgonjwa. Kati ya siku ya kwanza na ya nne, baadhi ya wagonjwa wa oganofosfeti walioonekana kupona hulegea shingo ghafla, wakashindwa kuinua kichwa mtoni, na pumzi ikafuata. Akiwa wodini ataokolewa. Akiwa njiani kuelekea mashambani, ni vigumu.

GESI NYINGINE

Si kila silaha ya kemikali hufanya hivyo. Klorini, iliyotumiwa na Wajerumani huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 22, 1915, huchoma macho, koo na mapafu, na harufu yake inafanana na ya Jik. Gesi ya haradali ni hatari kwa sababu haiumi mara moja: malengelenge, macho kuvimba na kikohozi huanza saa kadhaa baadaye. Jirani zetu wa Ethiopia waliijua mwaka wa 1935 na 1936, ndege za Italia zilipowanyunyizia, wengi wao wakiwa miguu mitupu. Juni 30, 1936, Mfalme Haile Selassie alisimama Geneva mbele ya Ushirika wa Mataifa na kueleza yaliyowapata watu wake. Gesi zote hizi hukabiliwa kwa mwanzo ule ule: ondoka, vua, osha.

Klorini unaweza kuitengeneza chooni mwako bila kukusudia. Kamwe usichanganye Jik na dawa ya choo yenye asidi. Ukisikia harufu kali na kifua kikabana, toka nje, acha mlango wazi, na usirudi kumalizia kazi.

VIINI VYA MAGONJWA

Silaha za viini ni jambo la namna nyingine. Hazina harufu, hazina mlio, na hakuna anayeanguka siku ile. Wagonjwa hujitokeza siku au wiki kadhaa baadaye, kila mmoja katika zahanati yake. Mwaka wa 1984, katika mji mdogo wa The Dalles, jimbo la Oregon, Marekani, watu 751 waliugua kuhara baada ya wafuasi wa kundi moja kutia bakteria wa salmonela katika vyakula vya mikahawa. Hakuna aliyekufa, na ilichukua takriban mwaka mzima kujulikana kwamba ilikuwa makusudi. Kundi la Aum lenyewe lilinyunyiza kimeta jijini Tokyo mwaka wa 1993 bila kufaulu kumwambukiza mtu.

Mwaka wa 2001 barua zenye unga wa kimeta ziliua watu watano nchini Marekani. Oktoba mwaka huo hofu ilifika Nairobi, pale serikali ilipotangaza kwamba barua moja kutoka Marekani ilishukiwa kuwa na kimeta. Vipimo vya baadaye vikaonyesha haikuwa nacho. Wafugaji wetu wanakijua kimeta vizuri: ng'ombe aliyekufa ghafla huku damu ikimtoka puani hachunwi wala haliwi. Kimeta cha mapafu hakiambukizwi kwa kukaa karibu na mgonjwa, na hutibika kwa viuavijasumu kama siprofloksasini na doksisaiklini vikianzwa mapema.

Ukipata barua au kifurushi chenye unga usioeleweka, usikitikise wala kukinusa. Kiweke chini, kifunike, zima feni, toka chumbani na ufunge mlango, nawa mikono kwa sabuni, kisha wapigie polisi. Usianze kumeza viuavijasumu kutoka dukani kwa woga.

ANZA NYUMBANI

Mkataba wa kupiga marufuku silaha za kemikali ulianza kutumika Aprili 29, 1997, na Julai 2023 shirika linaousimamia lilithibitisha kwamba akiba zote zilizotangazwa na mataifa wanachama zimeharibiwa. Hata hivyo sarini ilitumika Syria Agosti 21, 2013, mkataba ukiwepo. Msomaji hana uwezo wa kuzuia hayo.

Ana uwezo juu ya kilicho chini ya kitanda chake. Leo jioni angalia. Kama una dawa ya kunguni uliyouziwa na mchuuzi katika chupa ya soda au ya maji isiyo na jina, usingoje. Ifunge, iweke juu, ndani ya kabati lenye kufuli, mbali na unga na sukari, mpaka upate ushauri wa afisa wa afya jinsi ya kuitupa. Usiimwage kwenye mtaro. Siku nyingine nunua yenye kibandiko kinachotaja kemikali iliyomo. Na mfundishe kila mtu nyumbani, pamoja na msichana wa kazi na watoto wakubwa, yale maneno matatu: ondoka, vua, osha. Maziwa yabaki ya chai.